Kamera ya nje inapoikosa ndege: pa kuisimamisha, na hesabu zake

Swali la msomaji: "Habari za kazi, mtaalamu. Natumia mchezo wa kuendesha ndege wa Flight Simulator X na kamera za nje zinanisumbua kwa mambo matatu. Kwanza, nikiruka na Cessna 172 mtazamo wa nyuma ni mzuri, lakini nikihamia Boeing 747-400 mkia unajaa skrini na pua inakuwa kama ncha ya kalamu. Nikirudisha picha nyuma kwa kitufe cha kutoa, ndege inakuwa ndogo na vitu vya pembeni vinavutika. Pili, nilijaribu kujitengenezea kamera ya kuitazama 747 kutoka nje ya bawa la kulia, nyuma kidogo. Nilichukua vipimo kwenye faili la ndege yenyewe, nikaandika InitialXyz=-60, 120, 10 na InitialPbh=5, 0, 320. Nikifungua naona anga tupu, na mtazamo wa bawa uliokuwepo tangu mwanzo umepotea. Tatu, nikitua huku natazama kwa nje, upeo wa macho unalala upande kila ninapokata kona, mwisho naikosa njia ya kutulia. Nimechoka kubahatisha, naomba unielekeze."

Nzuri, ndugu yangu, na asante kwa kuniletea namba zako kamili. Wengi huniambia tu kwamba kamera imeharibika, nami nabaki kukisia. Namba ulizoandika zimenieleza kosa lote, kwa hiyo nitaanza na hiyo kamera ya bawa ingawa umeitaja ya pili. Ukiielewa hiyo, tatizo la mkia wa 747 litakuwa jepesi.

Fungua tena lile faili la aircraft.cfg. Mle ndani kuna mitindo miwili ya kupima, na hakuna mahali mchezo unapokuonya. Sehemu za umbo la ndege, yaani magurudumu, injini, ncha za mabawa na mahali pa jicho la rubani, hupimwa kwa futi, na namba zake hupangwa hivi: mbele au nyuma kwanza, kisha kulia au kushoto, kisha juu au chini. Sehemu ya kamera inapimwa kwa mita, na mpangilio wake ni mwingine kabisa: kulia au kushoto kwanza, kisha juu au chini, na mbele au nyuma inakuja mwisho. Faili moja, kurasa chache kati yao, lakini kipimo si kile na mpangilio si ule. Wewe ulisoma vipimo vya bawa ukavihamisha kama vilivyo, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya.

Sasa tuone mchezo ulikuelewaje. Ulitaka kusema: futi 60 nyuma, futi 120 kulia, futi 10 juu. Mchezo ukasoma: mita 60 kushoto, mita 120 juu, mita 10 mbele. Mita 120 ni urefu wa jengo la ghorofa 40 hivi. Kamera yako iko huko juu, upande wa kushoto wa ndege, na kwa ile 320 uliyoipa inaangalia mbele na kushoto zaidi. Ndege iko chini yake, upande wa kulia. Ndiyo maana unaona anga tupu. Kamera inafanya kazi vizuri kabisa, ila imesimama mahali pasipo pake na kugeukia kusiko na ndege.

Tusahihishe. Kugeuza futi kuwa mita, gawanya kwa 3.28. Futi 120 zinakuwa mita 36.6, futi 10 zinakuwa mita 3, na futi 60 zinakuwa mita 18.3. Zipange upya kwa mpangilio wa kamera, ukikumbuka kwamba kulia ni chanya na kushoto ni hasi, juu ni chanya na chini ni hasi, mbele ni chanya na nyuma ni hasi. Unapata InitialXyz=36.6, 3, -18.3.

Hapo kamera imesimama panapotakiwa, lakini bado haijageuzwa uso. Hiyo ni kazi ya InitialPbh, yenye namba tatu za digrii: ya kwanza ni kuinama au kuinuka, ya pili ni kulala upande, ya tatu ni uelekeo. Ya kulala upande iache sifuri. Nimeona watu wakiichezea ili picha ionekane kama ya sinema, na baada ya dakika mbili shingo inauma.

Uelekeo unahesabiwa kwa kuifuata pua ya ndege, siyo kaskazini ya dunia. Sifuri ni kutazama kule pua inakotazama, 90 ni kulia, 180 ni nyuma, 270 ni kushoto. Kamera yako iko kulia na nyuma ya kitovu cha ndege, kwa hiyo ili iione ndege lazima itazame kushoto na mbele, yaani mahali fulani kati ya 270 na 360. Wapi hasa? Chukua umbali wa kulia, 36.6, gawanya kwa umbali wa nyuma, 18.3. Jibu ni 2. Pembe ambayo tanjenti yake ni 2 ni digrii 63.4. Toa hiyo kwenye 360, unabaki na 296.6, tuseme 297. Wewe uliweka 320, yaani kamera ingetazama mbele mno, na hata mahali pangekuwa sahihi ndege ingesogea upande wa kushoto wa skrini. Kama tanjenti umeisahau tangu shuleni, chora kwenye karatasi ya miraba: weka kitovu cha ndege, hesabu miraba ya kulia na ya nyuma, unganisha kwa mstari, pima kwa kipima pembe. Mimi mwenyewe huchora kila mara, hata hesabu nikiwa nimekwisha kuifanya, kwa sababu mchoro hukamata kosa la kubadilisha kulia na kushoto mapema kuliko macho yanayosoma namba.

Kuinama kuna njia ya mkato ninayoipenda sana kwa kuwa imetoka kwa marubani wa kweli. Wanaiita kanuni ya moja kwa sitini: ukienda umbali wa 60, kila 1 ya kando ni sawa na digrii 1, kwa makadirio. Wao huitumia kujua wamepotoka kiasi gani kwenye njia yao, sisi tutaitumia kuinamisha kamera. Umbali wa kamera yako hadi kitovu cha ndege, ukitazama kwa juu kama ramani, ni mita 40.9. Kimo ni mita 3. Zidisha 3 kwa 60 upate 180, gawanya kwa 40.9, unapata 4.4. Namba chanya hapa inainamisha kamera chini, hasi inaiinua. Ile 5 yako ilikuwa karibu sana na ukweli.

Kwa hiyo kiini cha sehemu yako kitasomeka hivi:

Origin=Center
InitialXyz=36.6, 3, -18.3
InitialPbh=4.4, 0, 297
InitialZoom=.75
XyzAdjust=TRUE
Category=Aircraft

Ukiifungua sasa utaiona ndege, ila nakuonya mapema kwamba hutairidhia. Mabawa ya 747-400 yana upana wa mita 64.4 kutoka ncha hadi ncha, yaani kila ncha iko mita 32.2 kutoka katikati. Kamera yako iko mita 36.6, mita nne na ushee tu nje ya ncha. Bawa litakuwa pana kama mlango wa ghala na kiwiliwili cha ndege kitaonekana kimejificha nyuma yake. Dawa ni kurudi nyuma kwenye mstari uleule. Zidisha namba zote tatu za InitialXyz kwa kiasi kimoja na pembe hazibadiliki hata kidogo. Kwa mbili unapata 73.2, 6, -36.6, na InitialPbh inabaki vilevile. Ukitaka mbali zaidi, zidisha kwa tatu. Huhitaji kurudia hesabu ya tanjenti, na ndiyo sababu nakusihi uipate pembe vizuri mara ya kwanza.

Kitu kimoja zaidi kuhusu hicho kitovu. Mtengenezaji wa ndege ndiye aliyeamua kiwe wapi, na hakilazimiki kuwa katikati kabisa ya umbo. Ukikuta ndege imesogea mbele au nyuma kwenye picha licha ya hesabu sahihi, usianze kuilaumu hesabu. Ongeza au punguza digrii mbili tatu za uelekeo hadi ikae sawa.

Sasa ule mtazamo wa bawa uliopotea. Hukuniambia uliandikaje sehemu yako, ila kwa jinsi hali ilivyo, nina hakika uliinakili sehemu iliyokuwepo ukabadilisha namba zake. Kila sehemu ya kamera ina vitambulisho viwili ambavyo havitakiwi kujirudia. Cha kwanza ni namba iliyo kwenye mabano ya mraba, mfano [CameraDefinition.1]. Faili likiwa na sehemu mbili zenye namba moja, mojawapo inamezwa. Tafuta namba ya mwisho iliyotumika, kisha yako iwe inayofuata. Cha pili ni mstari wa Guid, ule wenye herufi na tarakimu 32 ndani ya mabano ya mawimbi, zilizogawanywa kwa vistari: nane, nne, nne, nne, kumi na mbili. Huo ndio utambulisho halisi wa kamera ndani ya mchezo. Ukinakili sehemu, badilisha tarakimu kadhaa za Guid, ukitumia 0 hadi 9 na herufi A hadi F peke yake. Herufi G ikiingia mle umeharibu. Pia ipe Title yako jina jipya ili uitambue kwenye orodha ya mitazamo.

Kabla hujagusa chochote, weka nakala ya faili la awali mahali pengine. Wewe hata sasa huenda huna nakala hiyo. Kama ni hivyo, rudisha kwanza zile namba za mtazamo wa bawa wa zamani kwa kadiri unavyozikumbuka, au chukua faili hilohilo kutoka kwa diski ya kusakinishia. Na kuna mtego wa Windows ambao umewapotezea watu usiku mzima. Mchezo ukiwa umesakinishwa ndani ya Program Files, Windows haikubali faili la humo libadilishwe na programu ya kawaida, na wakati mwingine badala ya kukukatalia wazi huhifadhi mabadiliko yako kwenye nakala ya pembeni. Unabadilisha namba, unaziona zimebadilika, mchezo unasoma faili jingine. Nakili faili kwenye eneo lako la kazi, libadilishe hapo, kisha lirudishe kwa ruhusa ya msimamizi. Ndani ya mchezo, chagua ndege nyingine halafu urudi kwenye 747, ndipo faili lisomwe upya.

Tukija kwenye mkia unaojaa skrini, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo swali lenye utamu na ndilo linalokosewa zaidi.

Kuvuta picha na kusogeza kamera ni vitu viwili tofauti. Kwenye kibodi vyote vinaonekana kufanya kazi moja, ndege inakuwa kubwa au ndogo, na hapo ndipo macho yanapodanganyika. Ukisogeza kamera, umbo la ndege linabadilika: uwiano wa kilicho karibu na kilicho mbali unakuwa mwingine. Ukivuta picha kwa vitufe vya + na -, umbo halibadiliki kabisa. Unapanua au kupunguza picha ileile iliyopatikana kutoka pale kamera iliposimama. Mkia uliokuwa mara tatu ya pua utabaki mara tatu ya pua, uwe mkubwa au mdogo.

Pima mwenyewe. Cessna 172 ina urefu wa mita 8.28. Kamera ikiwa mita 30 nyuma ya mkia, pua iko mita 38 na kidogo. Gawanya, unapata karibu 1.3: kitu kilicho mkiani kinaonekana kikubwa kuliko kitu cha saizi hiyohiyo kilicho puani kwa robo na ushee. Jicho linakubali, ndege inaonekana kama ndege. Sasa weka kamera mita hizohizo 30 nyuma ya mkia wa 747-400, yenye urefu wa mita 70.7. Pua iko mita 100 na ushee. Uwiano ni 3.4. Hapo ndipo inapotoka ile pua ya ncha ya kalamu. Ili 747 ionekane na umbo lilelile tulivu la Cessna, kamera ingetakiwa kuwa mita 256 hivi nyuma ya mkia, kisha picha ivutwe karibu ili ndege ijaze skrini.

Mita 256 ni nyingi mno kwa matumizi ya kila siku. Mawingu yanaingia kati, na ndege inapoteza ule uzito wake wa kuwa kitu kikubwa kilicho mbele yako. Binafsi napenda uwiano wa karibu 1.6 kwa ndege kubwa: bado unahisi ukubwa wa mkia, lakini pua haijanyauka. Kwa 747 hiyo ni mita 120 nyuma ya mkia. Mkia wenyewe uko mita 35 hivi nyuma ya kitovu, kwa hiyo tunaandika mita 155. Kimo nakiweka mita 20 ili bawa lionekane kwa juu kidogo, na kanuni ya sitini inanipa kuinama kwa digrii 7.7, nami naweka 7 na nusu. Jaribu basi kamera ya pili yenye InitialXyz=0, 20, -155 na InitialPbh=7.5, 0, 0. Namba ya kulia na kushoto ni sifuri kwa kuwa tuko nyuma moja kwa moja. Kisha, na kisha tu, gusa InitialZoom. Thamani ndogo hupanua mtazamo, kubwa huvuta ndege karibu. Panda kwa hatua za 0.1 hadi mabawa yachukue kama theluthi mbili za upana wa skrini.

Na ule mvutiko wa pembeni uliouona ulipotoa picha? Skrini ni bapa, lakini mtazamo unafunguka kama feni. Kadiri upana wa mtazamo unavyoongezeka ndivyo vilivyo ukingoni vinavyonyooshwa. Upana ukiwa digrii 60, kitu kilicho ukingoni kabisa hunyooshwa kuelekea nje kwa theluthi moja zaidi ya kilicho katikati, na watu wengi hawatambui. Ukifika digrii 90, kinanyooshwa mara mbili. Magurudumu yanakuwa mayai na ncha za mabawa zinachongoka. Wewe ulipoona mkia umejaa, ulipanua mtazamo badala ya kurudi nyuma, ukajiongezea kasoro ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kwa kupima kabla ya kuandika kwenye faili, tumia vitufe. Ndani ya kamera yenye XyzAdjust=TRUE, yaani inayoruhusu kusogezwa, Shift na Enter huipandisha, Shift na Backspace huishusha. Ukibadili Shift kwa Ctrl, vitufe hivyohivyo viwili huipeleka mbele au nyuma, na ukishika Ctrl pamoja na Shift huenda kushoto au kulia. Ukipotea, Ctrl na kitufe cha nafasi hukurudisha ulipoanzia. Kitufe cha S hukupitisha kwenye makundi ya mitazamo, A hukupitisha kwenye mitazamo iliyo ndani ya kundi moja; kamera zako mpya utazikuta kwenye kundi la ndege. Usitegemee mchezo ukumbuke ulichosogeza kwa vitufe. Ukishapapenda mahali, paandike kwenye faili.

Kuna mahali ambapo kuvuta picha ndiyo njia sahihi: kamera isiyosafiri na ndege. Mtazamo wa mnara na ule wa ndege kupita mbele yako vimesimama ardhini, huwezi kuvisogeza kuifuata ndege, na hutakiwi. Hapo vuta picha upendavyo. Tena ndege iliyo mbali na kuvutwa karibu inaonekana imebanwa, pua na mkia vimekaribiana, na joto la njia ya kutulia likiwa mbele yake. Ndivyo wapiga picha wanaosimama nje ya uzio wa uwanja wanavyoziona kwa lenzi zao ndefu, na ni picha nzuri mno.

Kwa wasomaji wanaotumia michezo mingine, mawazo haya hayabadiliki, vinabadilika vitufe na mahali pa kuandika. Microsoft Flight Simulator ya 2020 imezitenga kamera kwenye faili lake la cameras.cfg ndani ya folda ya kila ndege, na maneno mengi ni yaleyale. Kitufe cha End hukutoa ndani kwenda nje, Insert hufungua droni, yaani kamera inayoelea huru, ambayo ndiyo njia ya haraka ya kujua unapenda kusimama wapi kabla ya kuandika namba yoyote. Sasisho la mchezo linaweza kufuta ulichoandika, kwa hiyo namba zako ziwe na nakala nje. X-Plane ina Shift na 8 kwa kamera ya kufuata, Shift na 4 kwa ile ya kuzunguka ndege, na uzuri wake ni kwamba Ctrl pamoja na tarakimu ya pembeni ya kibodi huhifadhi mtazamo uliopo, kisha tarakimu hiyo peke yake huurudisha. Humo huhitaji faili lolote. FlightGear huzungusha mitazamo kwa V na kuvuta picha kwa X, ikiwa na kamera ya kufuata inayogeuka na ndege na nyingine isiyogeuka nayo.

Hilo la kugeuka na ndege linanirudisha kwenye swali lako la tatu. Kamera za bawa na ya nyuma tulizotengeneza zimefungwa kwenye mwili wa ndege, kana kwamba zimeshikwa na fimbo ya chuma. Ndege ikilala digrii 25 kwenye kona, kamera nayo inalala digrii 25, na ulimwengu wote unaonekana umeinama huku ndege ikionekana imetulia. Ni tamu kuitazama juu ya milima, lakini kwa kutua ni hatari, kwa sababu dalili unayoihitaji zaidi, yaani mabawa yako sambamba na ardhi au la, ndiyo iliyofichwa. Kwenye orodha ya mitazamo ya nje kuna miwili inayofanana majina, Spot na Locked Spot. Uliofungwa unalala pamoja na ndege. Ule wa kawaida unaacha upeo wa macho ukiwa mlalo, na ndege ndiyo inayoonekana kulala. Kama ni lazima utue kwa nje, tumia huo wa kawaida, kamera ikiwa juu kidogo ili njia ya kutulia ionekane kupita juu ya mgongo wa ndege badala ya kufichwa na mkia. Bonyeza Shift na Z ili kasi, kimo na uelekeo viandikwe juu ya skrini, maana huko nje huna kipimo hata kimoja cha kusoma.

Hata hivyo, ndugu yangu, ushauri wangu wa dhati ni utue ukiwa ndani. Jicho la rubani wa 747 liko juu sana ya ardhi na mbele sana ya magurudumu, na ujuzi wote wa kutua ndege ile ni kuzoea hiyo tofauti. Ukitazama kwa nyuma unajifunza kuendesha kamera. Tua kwa ndani, simamisha ndege, kisha nenda kwenye menyu ya Options, fungua Instant Replay, rudisha dakika yako ya mwisho, na uitazame mara ya kwanza kutoka kwenye ile kamera mpya ya bawa na mara ya pili kutoka mnarani, picha ikiwa imevutwa. Angalia gurudumu lipi lilianza kugusa ardhi, na pua ilikuwa imeinuka kiasi gani. Mara ya kwanza tu ukiirudia hivyo utaona mambo ambayo ukiwa kwenye usukani usingeweza kuyaona.